Asijulikane kwa Bi Ishbel

Morven Geddes alikuwa ametimiza miaka kumi na hakuna mtu aliyewahi kumkosea jina. Mtoto mwingine angeona hiyo ni heshima. Kwa Morven ilikuwa aibu tupu, maana katika mtaa wa Kirk Wynd, siku ya Halowini, sifa zote ni za yule asiyejulikana.

Tarehe thelathini na moja Oktoba, giza likishaingia, na Uskoti giza la wakati huo huingia saa kumi na moja jioni bila kumwomba mtu ruhusa, watoto hufunika nyuso, hujaza mito tumboni, huvaa makoti ya babu zao na kwenda kugonga milango. Hupewi kitu bure. Unaingia, unaimba, au unaghani shairi, au unatoa kichekesho, na mwenye nyumba anakisia wewe ni nani. Akikukosea, umemshinda, na habari itafika dukani kabla yako. Baba yake Struan Petrie alimshinda Bi Ishbel Cargill akiwa na miaka minane, na mpaka leo, na kitambi chake na upara wake, hajaacha kulisimulia.

Kumshinda Bi Ishbel si mchezo. Alikaa dirishani posta miaka thelathini akiuza stempu, na anakijua kikohozi cha kila mtu kijijini. Tena ana ujanja wake. Mkishaimba na kughani, kabla hajakisia hata mmoja, anainua ndoo na kuwamwagia karanga za maganda kwenye sakafu ya mawe ya korido yake. Watoto wanarukiana, wanasukumana, wanapiga kelele, wanajisahau. Hapo ndipo anapowanasa. Huyu kwa kiwiko, huyu kwa kicheko, huyu kwa anavyomwonea mdogo wake.

Morven hakuwahi kurukia karanga hizo. Alikuwa na mzio. Akiwa na miaka mitatu alikula nusu ya biskuti kwenye sherehe ya watu, uso ukavimba, pumzi ikakwama, na gari la wagonjwa likamchukua huku mama yake akiwa miguu mitupu. Tangu siku hiyo alifungwa kiunoni mkoba wa rangi ya chungwa wenye sindano mbili za dharura, na tangu siku hiyo Kirk Wynd nzima ilimhurumia.

Huruma yenyewe ndiyo iliyomponza. Walikuwa watu wema, na wema wao hawakujua kuupima. Watoto wanne wamejifunika gubigubi, hata mama zao wasingewatambua, na mlango unafunguliwa: "Karibuni, karibuni! Ila kabla sijatoa bakuli, Morven ni yupi kati yenu?" Afanyeje? Anyamaze apewe karanga? Mkono wa Morven ulilazimika kupanda juu. Nyumba ya pili hivyo hivyo. Nyumba ya tano walimwandalia mfuko wake peke yake, umeandikwa MORVEN kwa herufi za kung'aa. Mwaka uliopita alijivika sanduku la mashine ya kufulia, amekaa humo jasho likimtoka, na alijulikana nyumba zote kumi na moja.

Na kwa Bi Ishbel ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, kwa sababu kule hakuingia kabisa. Mama yake, Catriona, alisema sakafu ile na vumbi la maganda yale, hapana, na hapo hakuna mjadala. Kwa hiyo wenzake walipoingia, Morven alibaki getini na mama yake, akisikiliza karanga zikimwagika na watoto wakipiga mayowe ya furaha. Kisha Bi Ishbel angetoka na kandambili zake, ameshika chungwa, akiita kwa sauti ya kusikika hadi kanisani: "Hili la Morven wangu!"

Mwaka huu Morven alikuwa amechoka na machungwa.

"Mwaka huu nataka anyimwe," alimwambia Struan wakitoka shule.

"Anyimwe nani?"

"Bi Ishbel. Anyimwe jina langu. Aniangalie asinijue."

Struan alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa mtoto mwenye kelele kuliko wote darasani, na kucheka kwake kulisikika ng'ambo ya barabara. "We unaishia getini tu! Atakukosea vipi mtu wa getini? Hapo hata babu yangu asiye na miwani anakujua."

"Ndiyo maana nataka kuingia ndani."

"Na karanga je?"

Swali hilo Morven alikwenda nalo nyumbani. Usiku alilifikiria, kesho yake akalifikiria tena, na Jumapili iliyotangulia Halowini alivaa koti akaenda kulitafuta jibu kwa mwenye karanga.

Alifika saa tatu kamili asubuhi, kwa saa ya jikoni kwao. Bi Ishbel alifungua mlango akiwa na nguo ya kulalia, nywele zimesimama.

"We mtoto! Kuna moto?"

"Hapana, bibi. Saa tatu imefika."

"Saa mbili hii! Saa zimerudishwa nyuma usiku kama kila Oktoba, nyie kwenu hamsikilizi redio? Haya, simama hapo hapo kizingitini, ndani hujui nini kimedondoka wapi. Unasemaje?"

Alikuwa ameyapanga maneno vizuri njiani, yakamtoka yote kwa mkupuo mmoja. "Mwaka huu sitaki unijue."

"Hee! Hilo wanalitaka wote."

"Lakini wenzangu unawakisia. Mimi unaniuliza."

Bi Ishbel alijifunga mkanda wa nguo yake vizuri. "Nisipokuuliza nikakupa karanga, je? Nikuue ili wewe upate sifa?"

"Zisipokuwepo karanga, hutakuwa na haja ya kuuliza."

"Alaa! Kumbe ndiko tunakokwenda." Bi Ishbel alikunja mikono. "Sikiliza, mwanangu. Mama mkwe wangu alimwaga karanga kwenye korido hii, na mama yake kabla yake. Wengine wanagawa chokoleti, mimi nagawa karanga. Watoto wanazisubiri mwaka mzima."

"Najua," alisema Morven. "Nazisikiaga kutoka getini."

Hakulisema kwa ubaya, alisema lilivyo.  Bi Ishbel aliangalia geti lake, hatua kumi tu kutoka mlangoni, kama mtu anayejaribu kukumbuka ni nani aliyeliweka pale.

"Nenda nyumbani," alisema hatimaye. "Na umwambie mama yako arekebishe saa ya jikoni."

Jumatatu ikapita, kimya. Jumanne, kimya. Morven alikuwa hakai hasimami. Alikuwa tayari ameanza kushona vazi lake, jogoo mkubwa wa vitambaa vyekundu na vya dhahabu, na mdomo wa kadibodi uliofunika uso wote. Wazo lilimjia njiani akirudi Jumapili ile ya aibu: kama binadamu wanarudisha saa nyuma, jogoo naye anaambiwa na nani? Akakaa akatunga shairi. Lakini kila aliposhona unyoya alijiuliza kama anashona jogoo wa kwenda kusimama getini.

Jumatano jioni mlango wao uligongwa. Bi Ishbel alikuwa amesimama nje, mikono imekuwa myekundu, ananuka sabuni kutoka kichwani hadi miguuni.

"Catriona," alimwambia mama yake Morven bila hata salamu, "chukua tochi uje nyumbani kwangu. Nimesugua korido mara tatu. Nimeondoa zulia, nimelipeleka kwa dada yangu. Nimehamisha kabati ambalo halijahamishwa tangu nilipoolewa, na nyuma yake nimekuta karanga saba na meno ya bandia ya marehemu mume wangu. Njoo ukague. Ukikuta ganda moja, nitalala nje."

Catriona alikwenda na tochi, akakagua kama askari wa forodha, pembe kwa pembe. Alirudi macho yamemlowa, akiitikia kwa kichwa.

"Na hizo nyumba nyingine kumi nimezipitia," Bi Ishbel aliendelea, amerudi naye hadi kizingitini. "Hakuna karanga Kirk Wynd Ijumaa hii, hakuna kitu kilichopitia jirani na karanga, na vyote vikae kwenye pakiti zake mama mtu asome. Jirani yenu Dalgarno alitaka kubisha. Nikamkumbusha barua nilizompelekea kwa mkono alipokuwa anachumbia, akatulia." Kisha akamgeukia Morven na kumnyooshea kidole. "Ila wewe usidhani nimekuonea huruma! Nimekuondolea kisingizio tu. Utaingia ndani kama wengine, na nitakujua kama wengine. Mimi sikosei."

"Tutaona!" alisema Morven.

Ikabaki sharti la mama. Catriona alisema sindano zitakaa kiunoni, chini ya manyoya, na yeye mwenyewe hatakuwa mbali zaidi ya hatua tano.

"Lakini mama! Wakikuona wewe wamenijua mimi!"

"Basi na mimi nitajifunika."

"Wewe? Mtu mzima?"

"Kwani mtu mzima hana shuka?"

Ijumaa ilifika, na giza lilipoanguka Morven alikuwa amesimama mlangoni kwa nusu saa nzima, jogoo kamili, anaruka mguu huu na ule. Wakakutana kwenye kona: Rhona Imrie, mchawi mwenye ndevu; mdogo wake Gregor wa miaka sita, ambaye alikuwa birika la chai; na Struan, aliyevaa gunia refu lenye matundu mawili ya macho na hakuna kingine. Nyuma yao mzimu mrefu wa shuka ulikuwa unajikwaa kila hatua.

"Gunia tu?" Morven alimuuliza Struan. "Umeshindwa kujigeuza?"

"Utaona," Struan alisema, na kwa mara ya kwanza maishani hakuongeza neno.

Walianza kwa Bwana Dalgarno. Mlango ukafunguliwa, Morven akangojea lile swali. Halikuja. Bwana Dalgarno alikaa kwenye kiti chake, akasikiliza shairi, akajikuna kidevu, akamzunguka jogoo mara mbili, akasema, "Hm. Hm! Magoti haya nayajua, yanagongana. Morven Geddes!"

Alijulikana. Lakini alikisiwa! Mtu alikuwa ameumiza kichwa kwa ajili yake. Morven alitoka pale anacheka peke yake ndani ya mdomo wa kadibodi, kisha akasimama ghafla katikati ya barabara.

"Magoti yananiumbua," alisema. "Twende kwa Bi Ishbel sasa hivi, kabla sijapoteza ujasiri. Nitatembea nimetanua miguu."

Geti la Bi Ishbel lilikuwa wazi. Morven alilipita bila kuligusa, miguu imetanuka, kifua mbele, na hatua zile kumi alizihesabu moja moja. Kisha alikuwa ndani. Korido ilikuwa ndefu kuliko alivyodhani, na ngazi mwishoni, na taa ya boga kwenye kila ngazi, na Bi Ishbel katikati yake kwenye kiti, ameweka ndoo miguuni.

"Ingieni, ingieni, wageni wangu nisiowajua!" Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mzimu. "Isipokuwa wewe, Catriona. Shuka hilo nilikupa mimi ulipoolewa. Vua, utavunjika mguu."

Mzimu ukavua kichwa kwa aibu, na Bi Ishbel akasugua viganja. "Vizuri sana. Mama yupo, basi na kifaranga yupo. Morven yuko ndani ya nyumba hii."

Jasho lilimtoka Morven mgongoni. Mama, jamani! Hatua tano tu, na tayari amewachoma.

Gregor aliimba wimbo wa birika, akasahau katikati, akapigiwa makofi. Rhona alitoa kichekesho cha mchawi na daktari wa meno. Struan alitega kitendawili kwa sauti ndogo mno, haraka haraka, kisha akarudi kusimama kando ya mlango. Ikabaki zamu ya jogoo. Morven alivuta pumzi, akakaza koo mpaka sauti ikatoka kavu na kali, akapiga mbawa mara tatu:

"Jogoo nawauliza, hii ni saa ya nani?
Jana niliwika kiza, mkanifunga bandani,
Leo nimejinyamaza, mmelala kitandani,
Mwenye kujua ni nani? Aniambie jogoo!"

Akawika, na akawika kwa nguvu zote za miaka saba ya kusimama nje. Bi Ishbel alicheka hadi kiti kikalia, lakini macho yake hayakucheka. Yalikuwa kazini. Aliinua ndoo.

"Shikeni!"

Zikamwagika gololi. Mamia ya gololi za kioo, za zamani, za bluu na kijani na za moyo mwekundu, zikagonga mawe kwa kelele ya kuziba masikio, zikaruka, zikakimbilia chini ya kabati, zikateremka kizingiti. Zilikuwa za kaka zake Bi Ishbel, zimelala sandukuni miaka hamsini. Watoto walipiga ukelele mmoja na kujitupa chini.

Morven alijitupa wa kwanza. Hakuna aliyemwambia ngoja, hakuna aliyemwambia angalia. Alitambaa kwa tumbo, akamsukuma Rhona kwa bawa, akasukumwa naye, akanyakua gololi za mkono mzima, akaziangusha, akazinyakua tena. Alicheka kwa sauti ya jogoo, akawika, akamkanyaga birika bahati mbaya. Magoti yaligongana na kila kitu, na hakujali. Hakujua kwamba furaha ile ilikuwa na kelele kiasi kile kwa karibu.

"Simama!" aliamuru Bi Ishbel, na wote wakaganda. "Birika ni Gregor Imrie, anavuta kamasi kama baba yake. Mchawi ni Rhona, anaokota kwa mkono wa kushoto. Wamebaki wawili." Aliwaacha wateseke kidogo, kisha akanyoosha kidole hadi mlangoni, kwa lile gunia. "Na yule, masikini ya Mungu, hata gololi moja hajagusa. Amesimama pembeni, mkono kiunoni juu ya mkoba wake, anaangalia mikono ya wenzake. Huyo ni Morven wangu. Na jogoo huyu mwenye makelele ni Struan Petrie, hakuna mwingine duniani."

Gunia lilijikung'uta, likapanda juu, na uso wa Struan ukatokea, mwekundu, umeachia meno yote.

"Umekosea mara mbili!" alipayuka, na sauti yake ya kawaida ikajaza korido. "Mara mbili kwa mpigo! Baba alikukosesha moja tu!"

Morven hakumtazama Bi Ishbel. Alikuwa anamtazama Struan, na pale alipokuwa amesimama, na mkono wake ambao ulikuwa bado umelala kiunoni. Hivyo ndivyo anavyosimama? Amekaza mabega namna ile, macho kwenye vidole vya watu?

"Ulikuwa mimi," alimwambia kupitia mdomo wa kadibodi.

"Nimekusoma wiki nzima," Struan alisema, sauti imeshuka kidogo. "Umekasirika?"

Alijitafuta kama amekasirika. Kitu kilimchoma kweli, mahali fulani chini ya manyoya, kikakaa, kisha gololi moja ikamponyoka mkononi ikaenda ikidundadunda hadi kwenye kiatu cha mama yake, na kicheko kikamshinda. Alivua kichwa cha jogoo. Nywele zilikuwa zimemganda usoni kwa jasho, na mashavu yalikuwa yanawaka.

Bi Ishbel hakusimama kitini. Alimtazama Morven tangu nywele hadi magoti, akatazama geti lake kupitia mlango uliokuwa wazi, akamtazama tena, muda mrefu, kama vile mtoto huyu hajawahi kumwona.

"Miaka yote hii," alisema polepole, kama anayeomba radhi, "mimi, mwanangu, kumbe sikujui kabisa."

Lakini Morven alikuwa na haraka, radhi hakuisikia. Alisikia maneno mawili tu, aliyoyangojea maisha yake yote. Alitoka mbio na kichwa cha jogoo kwapani, gololi zikimwagika njia nzima, akasimama katikati ya Kirk Wynd chini ya taa na kupiga kelele mpaka milango ikaanza kufunguka mmoja baada ya mwingine: "Hanijui! Jamani, Bi Ishbel hanijui!"